Mchanga wa Kumbukumbu

Ilse, mgeni aliyekuja kujitolea zahanati, alirudi kutoka kuzunguka mji uso umemwiva kwa jua. Akavipanga vichupa vyake barazani: mchanga wa ufukweni, tope la mikokoni, udongo mweusi wa bustani ya maua. Bi Mwanakheri, mwenye nyumba, alivitazama.

Mara Salha, binti yake mja mzito, akatoka bafuni na miguu yake majimaji, akakatiza ua na kuingia ndani. Ilse akashuka uani peku na kichupa kitupu, akachutama, akachota mchanga palepale kwenye unyayo wa Salha.

Tangu utotoni Bi Mwanakheri alijua kwamba mchanga wa unyayo huchotwa na anayetaka kumdhuru mtu.

"Ua wote huu, mwanangu, umeona hapo tu?"

"Hapa pana unyevu, mama, haupeperuki. Nataka niikumbuke nyumba hii."

Akatabasamu. Bi Mwanakheri aliutafuta uongo usoni mwake asiuone, na kutouona kukamzidishia hofu.

"Unaondoka lini vile?"

"Jumamosi, mama."

"Haya. Kaoge, upumzike."

Ilse alipoingia bafuni, Bi Mwanakheri aliteremka uani. Akautafuta unyayo wa mgeni, akachota kiganja kimoja cha mchanga penye kisigino, akautia kwenye pindo la kanga na kulifunga fundo.

"Mama," Ilse aliita kutoka bafuni, "nikifika kwetu nikutumie nini?"

"Wewe tutunzie mchanga wetu tu, mwanangu," akajibu, kisha akalikaza fundo kwa meno.