Kabla Mamake Hajafika

"Usifungulie mtu," Mwololo, askari wa lango, alisema kwenye simu. "Kuna mama amenipita hapa mbio. Anasema amekuja kumaliza hii maneno ya Mbuthia."

Njambi alikata simu, akauegemeza mgongo kwenye mlango wa chumba cha ndani. Humo alilala Wangeci, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, aliyeletwa kutoka hospitalini asubuhi. Dawa zilikuwa zimemlaza. Mbuthia, kijana wa kwaya aliyembaka, alikuwa bado anatembea mjini kifua mbele, na Jumamosi angepanda ndege kwenda kusoma Amerika.

Daktari alikuwa amemaliza kazi yake. Ilibaki Wangeci aende kituoni aseme kwa kinywa chake, na hapo ndipo alipokwama. Hataki kwenda na Njambi, hataki kwenda na daktari. "Mum akuje kwanza," alisema. "Nimempigia, anatoka nyumbani Jamhuri saa hii. Nikiwa na yeye nitaweza." Basi wakaketi kumngoja.

Ofisi hiyo ndogo ya kuwasaidia waliobakwa, katika jengo kuukuu la chuo katikati ya jiji, wanafunzi walikuwa wameipigania mpaka wakapewa. Ilikuwa na masharti machache, na la kwanza lilikuwa hili: watu wa mshtakiwa hawakanyagi. Njambi alikuwa mwaka wa nne na alikwisha kuwaona wa kila aina. Wanakuja na Biblia, wanakuja na matunda, wanakuja na machozi yaliyo tayari. Sheria mpya ya makosa ya kingono haikuwa imemaliza hata mwaka, na tayari watu walikuwa wamejua njia za kuizunguka.

Mlango wa nje haukuwa na ufunguo; mama yule akausukuma, akaingia. Alikuwa amejifunga kitambaa cheupe kichwani, kile cha akina mama wa kanisa, na mkononi alikuwa na kiondo.

"Wewe ndio Mama Mbuthia," Njambi alisema, hata salamu hakutoa. Mwanamke mzima huitwa kwa mwanawe, na huyu alikuwa amejitangaza mwenyewe langoni.

Mama yule aliutazama mlango uliofungwa, kisha akainamisha macho. Hakukataa. Angalau aibu anayo, Njambi akawaza.

"Ako hapo ndani?"

"Hiyo si shughuli yako."

"Amekula?"

Njambi alichungulia kiondo. Kiondoni kulikuwa na chupa ya chai na viazi vitamu vilivyofungwa kwa kitambaa, bado vinatoa mvuke. Mtu anaharibiwa, halafu analetewa viazi!

"Mama, rudi nyumbani. Hapa huruhusiwi."

"Nisikize tu kidogo, msichana wangu." Alikaa kwenye benchi bila kukaribishwa. "Mbuthia si mtoto mbaya. Ni shetani alimwingia. Jana ameshinda akilia, hata pastor ameona. Ukimpeleka polisi, hiyo Amerika imeisha. Utakuwa umesaidia nani?"

"Nitakuwa nimesaidia aliyelala hapa ndani."

"Na yeye, akishatoka kwa magazeti, nani atamwoa?" Mama yule alishusha sauti. "Tumeongea. Tuliketi jana jioni huko Westlands, familia zote mbili, na pastor akatuombea. Kijana amekubali kumwoa. Desemba akikuja likizo wanafanya harusi. Hii kitu inaisha bila mtu kuaibika."

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na Njambi hakuwa na ubishi nao. Lakini uchungu gani huu wa kumchukua msichana wa watu na kumkabidhi kwa aliyemrarua, tena kwa maombi na keki? Alitamani kutema mate pale pale sakafuni. Alijizuia kwa sababu sakafu alikuwa ameipiga deki mwenyewe.

"Familia zote mbili?" alisema. "Wacha uongo. Mama ya huyu msichana hajui lolote kuhusu kikao chenu."

"Anajua."

"Hajui! Ako njiani kuja kumshika mtoto wake mkono ampeleke polisi. Akikupata hapa na viazi vyako, sijui atakufanya nini, na mimi sitakuzuia."

Mama yule alifumba macho. Alikipakata kiondo.

"Wewe hujazaa," alisema polepole. "Kuna vitu mama anafanya, na hata yeye mwenyewe anajichukia."

"Basi jichukie ukiwa nje!" Njambi alifoka. Sauti yake ilijaa chumba chote. "Toka! Mamake asikukute hapa. Huyo mtoto hana mtu mwingine duniani, na sitakubali aamke akuone wewe!"

Nyuma yake komeo likalia. Mlango ulimsukuma mgongoni, na Wangeci akatokea, amejifunga shuka la hospitali, macho yamevimba. Njambi alinyoosha mkono kumkinga. Msichana alipita chini ya mkono ule, akaanguka magotini mbele ya benchi na kuuzika uso wake kwenye kifua cha mama yule.

"Nilijua utakuja, Mum," alisema. "Twende polisi sasa. Nilikuwa nakungoja wewe tu."