Kahawa Mbele ya Mgeni

Asanasio alimeza funda la kwanza, macho yakamtoka. Mkewe, Vasta, akamkanyaga mguu chini ya meza.

"Kunywa, Baba Nuwa. Usikunje sura," alimnong'oneza. "Mugeni iko naangalia."

Kahawa walikuwa wakiilima tangu waoane, hapo hapo kwenye miteremko ya Bwera. Lakini kuinywa? Nyumbani kwao walikunywa chai, kama jirani, kama kila mtu. Kahawa ilikuwa ya kuuza, na sasa hata kuuzika ilikataa. Mnunuzi wao wa Kasese alikuwa ametoweka, magunia yakajaa chumbani mpaka watoto wakahamia sebuleni. Asanasio alikwisha kuapa: isiponunuliwa safari hii, mibuni yote anaing'oa. Mibuni hiyo Vasta aliipanda kwa mikono yake, akiwa na mimba ya kwanza.

Ndipo ikaja habari kwamba ofisa wa biashara wa ubalozi wa nchi moja ya mbali, huko Asia, anakuja kwa ajili ya kahawa. Vasta alikaanga buni kwenye sufuria ya ugali, akazitwanga, akawafunza majirani kunywa bila kutema. Nani atanunua kitu ambacho mwenyewe anakikimbia?

Mgeni aliuliza jambo kwa lugha yake. Nobert, mkalimani aliyekuja naye, akatafsiri.

"Anauliza, munakunywaga kila siku?"

"Kila siku! Asubuhi na mangaribi," Vasta alijibu upesi.

"Na majirani?"

"Bote. Hata bamama bazee."

Jirani yao Tsongo, machozi yakimlengalenga, aliomba aongezwe kikombe. Vasta nusura amkumbatie. Mgeni alicheka kwa furaha, akapiga picha vikombe vitupu. Alipoonyeshwa magunia, aliyatazama kwa adabu tu, akarudi mezani. Vasta alijipa moyo. Mtu ameshaonja, ya nini tena kuchungulia gunia?

Mwishowe mgeni alisimama, akamshika Vasta mkono kwa mikono yake miwili, akasema maneno mengi. Nobert aliyatafsiri bila kumtazama mama wa watu usoni.

"Anashukuru sana. Anasema, kule Kampala walimwambia watu wa huku wanakunywaga chai tu. Sasa amejionea mwenyewe soko iko. Mwezi ujao wanaanza kutuletea kahawa ya kwao, tununue."