Namba ya Sifa

Nyumba za mji ule zilimhudumia mwenye namba tu. Sifa, yatima wa miaka sita asiye na karatasi yoyote, hakuwa nayo. Kila alipobaki peke yake chumbani, taa zilizimika.

"Siku ya tisa hii, afisa!" Mama Zamda, mlezi wake, alifoka. "Hata chooni namsindikiza!"

Mkunde, afisa ustawi wa jamii, alishachoka. Mfumo wa kutoa namba ulidai cheti cha kuzaliwa. Ofisi ya vyeti ilidai namba.

"Mnanizungusha kama pia!" akaukaripia ukuta wa chumba, uliokuwa ukionyesha fomu za mfumo. Kisha akaona fomu ya wanyama wa kufugwa. Haikudai cheti. Akamwandikisha Sifa kama paka.

Taa zikawaka. Ukuta ukafunguka, ukasukuma bakuli la maziwa sakafuni.

"Ahsante," Sifa akaiambia nyumba, akapiga magoti anywe.