Bi Ummukulthum Amtunza Mwimbaji

"Ukiimba wewe, watu wanakohoa," mkurugenzi wa opera alimwambia Laurette. "Leo wasipochangamka, mkataba wako ndio basi."

Aliyasema hayo huku akimmiminia chai. Ndivyo wanavyofukuzana London.

Laurette alitoka kwao Ufaransa na sauti tamu, ila ya chini kidogo, na kosa lake ni hilo. Kwenye opera, mwenye sauti ya juu ndiye anayependwa, akaolewa, akafa vizuri. Wa sauti ya kati hupewa uyaya, uchawi, au suruali aigize mvulana.

Akarudi Wembley analia. Jirani yake, Bi Ummukulthum wa Unguja, akamwingiza ndani.

"Wimbo wenyewe unasemaje?"

"Mwanamke anamwambia aliyemwibia mume: ulichokula hakitakukaa tumboni."

Bi Ummukulthum akaweka kikombe chini. "Basi usilie, mwanangu. Nitakuja na wenzangu. Kwetu sisi mwimbaji hapigiwi makofi tu, hutunzwa."

Jioni ile, Laurette alipoufikia ubeti huo, Bi Ummukulthum aliinuka, noti juu, akaja mbele kwa madaha, kiuno kinakwenda taratibu. Safu ya tatu alikawia kidogo, akampepea ile noti mama mmoja wa ushungi wa kijani. Mama yule akainamisha uso, muziki umemgusa masikini. Kisha Bi Ummukulthum akapanda ngazi za jukwaa, akaibandika noti kifuani kwa Laurette. Wenzake wakapita njia ile ile.

Waingereza wakatazamana. Nani akubali kuonekana mshamba? Mzee mmoja akasimama na kadi ya benki, maana noti hatembei nazo tena. Nyuma yake pakawa na foleni, na Mwingereza akiona foleni huingia kwanza, akauliza baadaye. Ukumbi mzima ukapanga mstari.

Mkurugenzi alilia kwa furaha. Akampa Laurette mkataba wa miaka mitatu, kwa sharti moja tu: mashabiki wale waje kila onyesho.

Laurette akamkimbilia jirani yake mlangoni, noti zinamning'inia kifuani. "Kesho tena, Bi Ummukulthum, nakuomba. Bila nyinyi sina kazi."

"Kesho nije nimpige vijembe nani, mwanangu?" alisema Bi Ummukulthum, akijifunga mtandio. "Tikiti niliyomnunulia mke mwenzangu ilikuwa ya leo tu."