Nguchiro Adai Haki Shimoni

Mwaniomba hadithi na mie usingizi ushanikaa machoni. Haya, nasema mara moja tu.

Viota vya ndege vilichomwa moto, na wanyama wakawa wanatembea ndani ya moshi kama wanaota. Kakakuona alikutwa ananuka moshi, akatupwa shimoni.

"Asikilizwe kwanza," alisema Bibi Korongo, hakimu msinziaji.

Nguchiro mropokaji akadakia, "Gaidi asikilizwe nini, bibi? Anayenuka moshi afukiwe!"

Mchanga ukaanza kumwagika polepole, laini kama usingizi. Kakakuona akapaza sauti kutoka chini, "Na wewe jinuse, bwana!"

Wakamnusa Nguchiro. Ananuka kuliko wote! Wakamsukumia humo humo shimoni.

"Jamani, nisikilizwe! Nina haki yangu!"

"Haya sema, mjukuu wangu," alisema Korongo, jicho moja limefumbwa.

"Nilikuwa nafukiza panya tu, moto ukanishinda!"

Kwa kuwa alisikilizwa, hakufukiwa. Kakakuona alitolewa, akajikung'uta mchanga, akaenda zake. Nguchiro, mla mayai tangu azaliwe, alihukumiwa kuyaatamia mayai yote yaliyosalimika mpaka yaanguliwe, mate yakimdondoka na wenye mayai wakimtazama.