Masizi ya Nyota Changa

Siku ya arobaini, Bi Shibe alitaka kumpaka mjukuu wake doa la masizi katikati ya nyusi, ili macho ya wageni yasimdhuru. Binti yake, Mwanakombo, alimpokonya mtoto. "Mama, huo uchafu!" Tangu hapo walibaki kusalimiana tu.

Aliporudi kazini, kule kilimani kwenye darubini kubwa, Mwanakombo alilichungulia wingu jeusi la vumbi la angani kwa mwanga wa joto, ule usioonekana kwa macho. Ndani ya giza lile nyota zilikuwa zikizaliwa, na pembeni mwao zilitanda molekuli kubwa za kaboni, ndugu wa damu wa masizi ya jikoni. Alishuka kilima kama anayeota.

Alimkuta mama yake uani, akisugua masizi ya sufuria kwa jivu.

"Mama, nimeona masizi angani. Yamezizunguka nyota changa."

Bi Shibe hakuinua uso. "Na hizo kazipaka nani?"

Mwanakombo alikwenda kumchukua mtoto, akachuchumaa naye kando ya sufuria. "Usiyamalize yote, mama."

Mkono wenye jivu ukasimama. Mtoto alifumbua macho, akakitazama kidole cheusi kikimshukia polepole.