Swali la Tisa

Mwisho wa kupokea maombi ya tuzo ya utafiti ulikuwa saa sita mchana, na Dakta Nasike alikuwa bado hajajibu swali la tisa: betri yako ilifanya kazi kwa saa ngapi kabla ya kuzimika?

Alikaa, akasimama, akakaa tena. Betri aliyoiunda kwa chumvi na mkaa wa vifuu, ndani ya chupa ya jamu, ilikuwa ikiwasha kitaa kidogo kama punje ya hindi. Leo siku ya kumi na tisa, na hakijazimika.

"Andika saa ilizofikisha hadi sasa, Dakta," alisema Zuberi, fundi wa maabara. "Wenzako wote wameandika."

"Nikiandika, nitakuwa nimeizima mwenyewe."

Ilipobaki robo saa aliikumbatia chupa, akatoka mbio na fomu hadi ofisi ya tuzo.

Karani wa dirishani alipitisha kidole kwenye fomu, kikakwama kwenye nafasi tupu.

"Hapa hujajibu."

Nasike aliiweka chupa mbele yake.

"Bado inajibu."

Karani aliitazama saa ya ukutani, akakitazama kitaa, na mkono wenye muhuri ukabaki hewani.